Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha shamba, aje Dar kuendesha bodaboda

Habari zenu wakuu. Marehemu mzee alituachia ekari sita kijijini, Morogoro. Mimi niko Dar, mdogo wangu ndiye analima. Mpaka wetu ni mstari wa minyaa aliyoipanda mzee mwenyewe. Msimu huu dogo kakuta imefyekwa na mtu kapanda ufuta hadi katikati ya mpunga wetu. Jamaa anadai kagawiwa na serikali ya kijiji. Karatasi anayo, ina muhuri, ila haionyeshi mipaka wala ukubwa.

Ninavyoelewa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tukaomba muhtasari wa mkutano. Tunapigwa kalenda tu, mara mtendaji kasafiri, mara daftari liko wilayani.

Dogo kakata tamaa. Anasema bora auze kipande kilichobaki, anunue pikipiki. Simlaumu, maana nani apalilie shamba ambalo mwakani huenda si lake? Ila mama na shemeji yenu wanakula hapo hapo.

Hatuna hati ya hakimiliki ya kimila. Je, tunaweza kuiomba wakati mgogoro upo? Tuanzie baraza la ardhi la kijiji, au kwa kuwa kijiji ndicho kinalalamikiwa twende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Na jina la mama linaweza kuingia kwenye hati?