Nina cheti cha kuzaliwa, nataka kile cha kwanza

Mpekuzi:
Habari wanajamvi. Niliasiliwa nikiwa mchanga. Cheti nilicho nacho kinasema mama aliyenilea ndiye aliyenizaa: kina mhuri, ni halali, ila si kweli. Nimeomba kile cha kwanza, karani akanijibu faili limefungwa ili kulinda siri ya mzazi, labda nipate amri ya mahakama. Sitafuti mama mpya, ninaye, tena ndiye anayenihimiza. Nataka jina nililoandikwa siku ile. Hii ni haki yangu kisheria au naomba fadhila?

Karani Mstaafu:
Inategemea sheria ya mahali ulikoasiliwa, si unakoishi leo. Hapo wengi hupotea njia. Scotland iliruhusu tangu sheria ya 1930. England na Wales zilisubiri sheria ya 1975. Sasa ukitimiza miaka 18 unaomba. Huko Marekani, jimbo la New York lilifungua mafaili Januari 2020, lakini Kansas haikuwahi kuwafungia watu wazima. Ufaransa mama anaweza kujifungua bila kuacha jina, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliukubali utaratibu huo mwaka 2003. Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo iliiona Italia na hatia, maana kwao hakukuwa na njia hata ya kumwuliza mama kama bado anataka siri.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Serikali nyingi hujifichia kwenye hilo "kadiri".

Usiishie kwenye cheti. Mara nyingi kuna pia jalada la mahakama, na jalada la wakala au ustawi wa jamii walioshughulikia kuasiliwa kwako, kila moja na kanuni zake. Ukinyimwa, dai jibu la maandishi linalotaja kifungu. Omba pia taarifa zisizomtambulisha mtu: umri wa mama, magonjwa ya ukoo. Hizo huweza kutolewa hata majina yakifichwa.

Upande wa Pili:
Mwanangu, mimi ni mmoja wa hao wanaolindwa. Nilisaini nikiwa binti. Karatasi ilisema naacha haki zangu za uzazi. Kuhusu kufichwa jina haikusema neno, wala sikuomba. Sasa wananilinda dhidi ya nani? Ila nina wenzangu ambao hata waume zao hawajui. Ukilipata jina, tanguliza barua, usigonge mlango.

Bila Jazba:
Basi hao wenzako nao wana haki. Wakifunguliwa mafaili, nani atawasikiliza?

Karani Mstaafu:
Ireland walilijibu hilo kwa sheria ya 2022. Mzazi anaandikisha kwamba hataki mawasiliano, mwombaji anaelezwa hivyo kwanza, kisha taarifa zake za kuzaliwa anapewa. Kujua ni haki ya mmoja, kuonana ni hiari ya wawili. Mimi naona ni haki, ingawa najua wapo wasiolala kwa ajili yake.

Mpekuzi:
Shikamoo mama, nimekusikia. Karani, mama aliyenilea anayo nakala ya amri ya kuasiliwa, ina namba ya shauri. Nianze nayo?

Karani Mstaafu:
Anza nayo hiyo. Andikia masjala ya mahakama iliyotoa amri, taja namba na mwaka, ambatisha nakala ya kitambulisho. Nakala halisi isitoke mkononi mwako.