Mzee ninayemhudumia mjini Neath hataki kuisikia Ospreys: naomba ushauri

BintiPangani:
Wakuu, nawasalimu. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Neath, kusini mwa Wales. Miongoni mwao yumo mzee mmoja ambaye nyuma ya mlango wa chumba chake ametundika jezi nyeusi ya raga iliyochakaa, yenye msalaba mweupe wa Malta kifuani. Mjukuu wake amenunua tiketi mbili za mechi ya Jumamosi ya Ospreys, timu ya raga ya kanda hii, naye ameniomba nimshawishi babu yake waende pamoja. Nilipolitaja tu jina la timu hiyo, mzee aligeukia dirishani akasema kwamba timu yake ilizikwa mwaka 2003. Kinachonitatiza ni kwamba klabu ya Neath bado ipo. Je, ni nini hasa kilichozikwa, na nimwendee vipi bila kumkera?

Kitukuu:
Dada, huyo mzee hajachanganyikiwa. Raga ilipogeuka mchezo wa kulipwa mwaka 1995, klabu za Wales zilijikuta na mishahara ambayo mapato ya mlangoni hayakuweza kuibeba, huku klabu za England na Ufaransa zikizidi kuziacha nyuma. Mwaka 2003 Chama cha Raga cha Wales, kikiongozwa na mtendaji wake mkuu David Moffett, kiliamua kwamba klabu tisa za daraja la juu zitoe nafasi kwa timu chache za kanda. Moffett alitaka nne. Baada ya mvutano mkali zikapatikana tano. Cardiff na Llanelli zilikataa kuchanganywa na yeyote, zikabaki kila moja peke yake. Newport na Ebbw Vale zikaunda Dragons, Pontypridd na Bridgend zikaunda Celtic Warriors, na Neath ikaozeshwa kwa Swansea, hasimu wake wa zaidi ya karne moja, anayekaa umbali wa kilomita kama 13 tu, ndipo ikazaliwa Ospreys. Klabu yenyewe iliendelea, lakini katika ligi ya ndani iliyo chini ya timu za kanda. Kwa mtu aliyeiona Neath ikitwaa ligi ya kwanza kabisa ya Wales, msimu wa 1990-91, hayo ni mazishi.

Msafiri wa Bondeni:
Ningekuwa mimi, ningemkumbusha mzee kwamba wenzake wa Pontypridd na Bridgend wana kilio kikubwa zaidi. Celtic Warriors waliwafunga Wasps, klabu ya England, nyumbani kwao katika Kombe la Heineken, yaani kombe la klabu za Ulaya, na Wasps hao hao ndio waliokuja kulichukua kombe msimu huo. Katika ligi walimaliza nafasi ya nne. Pamoja na hayo, kiangazi cha 2004 timu ilivunjwa baada ya msimu mmoja tu, na wachezaji wakatawanyika. Ryan Jones, kwa mfano, akaenda Ospreys.

MamaSalha:
Ndugu Msafiri, mfiwa hafarijiwi kwa kuhesabiwa misiba ya majirani. Dada, usimwambie hivyo.

Mimi nadhani mzee anataja 2003, lakini kidonda chake ni cha 2005. Mwanzoni ndoa ile ilikuwa na usawa fulani: timu iliitwa Neath-Swansea Ospreys, rangi zilikuwa nyeusi ya Neath na nyeupe ya Swansea, kocha Lyn Jones alitoka Neath na nahodha wa kwanza, Scott Gibbs, alitoka Swansea. Mechi za nyumbani ziligawanywa kati ya The Gnoll, uwanja wa Neath, na uwanja wa St Helen's wa Swansea. Tena ubingwa wao wa kwanza wa Ligi ya Celtic, ligi ya timu za Wales, Scotland na Ireland, Machi 2005, waliukamilisha pale pale The Gnoll kwa kuifunga Edinburgh. Miezi michache baadaye wakahamia Liberty, uwanja mpya ulioko Swansea, na majina ya miji yote miwili yakaondolewa. Watu wa Swansea nao walipoteza klabu yao ya zamani, ila wao walibaki na timu jirani, ilhali Neath ilibaki na nyasi.

Kwa hiyo weka tiketi kando kwanza. Mwulize alikuwa wapi siku ile ya Edinburgh, kisha nyamaza umsikilize.

BintiPangani:
Nawashukuru nyote. Leo asubuhi, nikiwa namfunga vifungo vya shati, nilimwuliza kama MamaSalha alivyonielekeza. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba alikuwapo, na kwamba alivaa jezi ile nyeusi chini ya koti ili mtu asiione. Alipoondoka uwanjani vifungo vya koti vyote vilikuwa wazi. Kuhusu Jumamosi bado hajakubali. Ameuliza tu mvua itanyesha saa ngapi.