Masi ya gesi kwa njia ya vumbi, z = 2: mbona haiwiani na ya CO (monoksidi ya kaboni)?

Mkokotozi
Wakuu, naomba jicho la pili kwenye hesabu. Galaksi iko kwenye mhamo mwekundu z = 2.0 (mawimbi yake yamerefuka mara 1+z; z kubwa ni zamani zaidi), nyota zake zina masi za Jua bilioni 50, na inaunda nyota mpya za masi 60 za Jua kila mwaka. Darubini ya redio ya ALMA inaipa flaksi (mwanga unaotufikia) ya mJy (milijansky) 1.0 kwenye mikromita 870. Nimeweka halijoto ya vumbi K 35 (kilele cha mkunjo wa infraredi), κ (uwezo wa kila kilo ya vumbi kutoa mwanga) = 0.077 m²/kg kwenye mikromita 850, β (kasi ya κ kupanda na masafa) = 1.8, na gesi mara 100 ya vumbi. Napata gesi ya masi za Jua bilioni 14. Mstari wa CO(3–2), yaani mwanga wa CO ikishuka kutoka ngazi ya 3 ya mzunguko hadi ya 2, Jy km/s 0.20, unanipa bilioni 38. Nimekosea wapi? Na je, nitumie hesabu hiyohiyo kwa galaksi zangu zote za z = 0.5 hadi 4, nione gesi ilivyobadilika?

Punje
Mchawi ni hiyo K 35. Ni halijoto ya vumbi linalong'aa sana, siyo ya vumbi lililo jingi. Vumbi la jirani na nyota changa ni kidogo kwa masi, ila ndilo linaloamua kilele kiangukie wapi. Sehemu kubwa imelala kwenye mawingu baridi, K 25 hivi, na kwa masi unatakiwa kutumia hiyo. Mawimbi yako ya 870 yalitoka kwenye galaksi yakiwa mikromita 290, yaani GHz 1,030. Hapo fomula ya Planck (mwanga wa kitu kulingana na halijoto yake) kwa K 25 inatoa nusu tu ya inachotoa kwa K 35. Basi vumbi linapanda kutoka milioni 140 hadi milioni 280, na gesi inafika bilioni 28.

Hakikisha pia κ umeihamishia kwenye GHz 1,030 (inakuwa kama 0.53), na kwamba kuna (1+z) kwenye kigawanyo. Anayeisahau hupata galaksi nzito mara 3 na kuanza kushangilia.

28 na 38 si ugomvi. Bila shaka uwiano wa mng'ao wa mstari wa 3–2 kwa ule wa 1–0, unaopimia gesi, umeuweka 0.5. Uweke 0.8, ambao nao umepimwa kwenye galaksi za enzi hiyo, uone 38 ikishuka hadi 24.

Wingu_baridi
Naongezea upande wa CO. Usishawishike kutumia α (kizidishi cha kugeuza mng'ao wa CO kuwa masi ya gesi) = 0.8, hiyo ni ya galaksi zinazogongana na kuunda nyota kwa fujo. Ungebaki na gesi bilioni 7, inayokwisha ndani ya miaka milioni 117. Ukibaki na 4.36 (heli imo), au na bilioni 28 ya vumbi, akiba inadumu miaka milioni 470 hadi 630, ndiyo kawaida ya z = 2. Galaksi za leo hukaa na yao miaka bilioni 1 hadi 2.

Kama utaomba muda tena ALMA, fahamu kwamba z = 2.0 ni mahali pabaya kwa CO(3–2). Mstari unaangukia GHz 115.27, Bendi ya 3 ya ALMA (kipokezi cha masafa hayo) inaishia 116, na oksijeni ya angahewa iko 118.75. Kelele inapanda hapo.

Kutumia hesabu moja hadi z = 4, hapana. Kule mikromita 870 ni 174 kwenye galaksi yenyewe. Chini ya 250 hivi uko karibu na kilele cha mkunjo, na kosa dogo la halijoto linakuwa kosa kubwa la masi. Ukikimbilia GHz 100 unakutana na mnururisho uliosalia wa Mlipuko Mkuu: kwa z = 4 yana K 13.6, na vumbi la K 25 huonekana tu kwa tofauti yake na mandhari hayo. Theluthi ya flaksi inapotea, lazima uirudishe. Kwenye galaksi yako ya z = 2, mikromita 870, hasara ni asilimia 1.5 tu, achana nayo.

Mkokotozi
Na ile 100 ya gesi kwa vumbi je? Kila mtu anaitumia.

Punje
Ni ya umetali (wingi wa metali, yaani elementi nzito kuliko heli) wa Jua. Ukiwa theluthi ya Jua, anza na 300. Chini ya sehemu ya kumi mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu punje hukua kwa kunasa metali ndani ya mawingu, na metali zikiwa haba ukuaji huo haupo: unabaki na vumbi la supanova na la nyota zinazozeeka. CO nayo haikuokoi hapo. Bila vumbi la kuikinga, mwanga wa urujuanimno unaivunja huku H₂ (hidrojeni ya molekuli) ikijikinga yenyewe, kwa hiyo α inapanda.

Ukishikilia 100 hadi z = 4, utachora gesi ikishuka kuelekea zamani, kumbe umechora metali. Kushuka kwa kweli kupo (gesi ya molekuli ilikuwa na kilele karibu z = 1.5; ukienda zamani zaidi ya hapo inashuka, na tangu hapo hadi leo imepungua kama mara 6, hidrojeni ya atomu ikibadilika kidogo sana), na mteremko huu wa bandia utajificha humohumo. Tumia uhusiano wa masi ya nyota na umetali wa z husika, siyo wa leo. Hata galaksi yako, 150 si ajabu kwake, na hapo vumbi linakupa bilioni 42.

Mkokotozi
Kwa hiyo sasa vumbi limeipita CO!

Wingu_baridi
Kwa α ya 4.36, ndiyo. Irekebishe nayo kwa umetali uleule kabla ya kulinganisha.