Kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinakataa: kosa ni la kivinjari, la kompyuta au la ruta?

Steshenari_Ngamiani

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaikum na poleni kwa majukumu.

Ninaendesha steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, ambapo mbali na kuchapa na kutoa kopi tunawasaidia wateja kujaza maombi ya vyuo, ya ajira na ya vyeti mtandaoni. Tuna kompyuta mbili: ya mezani ya siku nyingi inayotumia Windows 7, ambayo ndiyo iliyounganishwa na skana, na kompyuta mpakato yenye Windows 10. Zote mbili zinapata intaneti kupitia ruta moja.

Shida yetu ni kwamba kurasa nyingine zinafunguka bila kusita na nyingine zinakataa kabisa. Google inafunguka, YouTube inacheza video bila kukwama, lakini tovuti mbili tatu za maombi, ambazo ndizo zinazotupa riziki, hazifunguki. Kwenye kompyuta mpakato kivinjari kinazunguka muda mrefu, ukurasa unabaki mweupe, kisha yanatokea maandishi ERR_CONNECTION_TIMED_OUT. Mara nyingine ukurasa unafunguka vizuri, mteja anajaza jina na namba zake zote, lakini tukifika kwenye kupakia cheti kilichoskaniwa, mstari wa kupakia unasimama palepale na kazi yote inapotea. Kwenye kompyuta ya mezani mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu tovuti nyingine zinazunguka vivyo hivyo, na nyingine zinatoa onyo kwamba muunganisho si salama pamoja na maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikiiunganisha kompyuta mpakato na hotispoti ya simu yangu, tovuti zilezile zinafunguka. Fundi aliyekuja kutuangalizia anasema dawa ni kupiga Windows upya kwenye kompyuta zote mbili, nami ninasita, kwa kuwa skana yetu ni ya zamani na diski yake ya programu ilikwishapotea. Je, kuna namna ya kujua kosa liko wapi kabla ya kufikia hatua hiyo?

Mjukuu_wa_Pangani

Pole sana, ndugu. Usikubali kupiga Windows kwa jambo hili kabla ya kujaribu yaliyo mepesi. Fungua ukurasa unaokataa katika dirisha fiche (Incognito); ukifunguka humo, basi tatizo ni vidakuzi vya zamani (cookies) au kiendelezi ulichokipachika kwenye kivinjari, hivyo futa vidakuzi vya tovuti hiyo peke yake na uzime viendelezi kimoja kimoja. Kisha jaribu kubadilisha DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kuhusu lile onyo la usalama, bonyeza tu sehemu ya maelezo zaidi halafu uchague kuendelea, na yote yakishindikana weka VPN ya bure, kwani wengi tunatumia hivyo na mambo yanakwenda.

Fundi_Chumbageni

Naomba nitofautiane kwa heshima na ndugu yangu wa Pangani katika mambo mawili. Onyo la cheti halifai kurukwa kwenye kompyuta ya biashara inayopitisha nywila na namba za vitambulisho vya watu wengine, kwa sababu cheti ndicho kinachokithibitishia kivinjari kwamba seva iliyojibu ni ile iliyoitwa, wala si mtu aliyejipenyeza katikati. Tena tovuti zinazotumia utaratibu wa HSTS, unaokilazimisha kivinjari kutumia muunganisho salama tu, hazikupi hata hicho kitufe cha kuendelea. Ama VPN, TCRA ilitoa tangazo mwezi Oktoba 2023 la kuwataka wanaozihitaji katika shughuli zao wazisajili, na ile ya bure maana yake ni kwamba shughuli zote za wateja wako zinapitia kwa mtu usiyemjua. Ushauri wa dirisha fiche ni mzuri na ungeanza nao. DNS siioni kuwa ndiyo mhusika hapa, maana ingekuwa hivyo ungeona maandishi kama DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED, na hukuyataja.

Sasa, ndugu mwenye steshenari, umefanya jema kunakili maandishi ya hitilafu kama yalivyo, kwa sababu yanaonyesha kwamba una magonjwa mawili yaliyokutana dukani siku moja. Nitasema la kompyuta ya mezani, la kuzunguka ninawaachia wanaojua ruta kuliko mimi.

Kila cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kivinjari hukilinganisha na saa ya kompyuta yako, si na saa ya mahali pengine. Let's Encrypt, ambao ni miongoni mwa watoaji wakubwa wa vyeti hivi duniani, wamezoea kutoa vyeti vya siku 90. Tuseme saa yako iko nyuma kwa wiki tatu. Tovuti iliyopata cheti kipya wiki iliyopita itaonekana ina cheti ambacho siku yake ya kuanza haijafika, hivyo itakataliwa, na tovuti ambayo cheti chake kilitolewa miezi miwili iliyopita itapita bila maneno. Ndiyo maana onyo lako linachagua tovuti, na linaweza kuhama kutoka tovuti moja hadi nyingine kadiri wenyewe wanavyohuisha vyeti vyao. Kwa hiyo usitazame saa na dakika peke yake pale pembeni. Bonyeza uone siku, mwezi na mwaka.

Ukikuta tarehe imebaki nyuma, irekebishe kwa mkono, maana Windows isiyo kwenye mtandao wa ofisi kubwa, kwa mipangilio yake ya kawaida, haikubali kuisahihisha saa yenyewe ikiwa tofauti imezidi saa 15. Watu wengi huwasha ule usawazishaji wa saa, wakasubiri, wakaona haufanyi kitu, wakadhani intaneti ndiyo mbovu. Kisha badilisha betri ya saa iliyo kwenye ubao mama. Nyingi ni aina ya CR2032, ya duara kama sarafu, yenye volti 3, na hupatikana hata kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kompyuta, sukuma kibanio kidogo cha pembeni na betri itaruka yenyewe. Kwa hewa yetu hii ya chumvi nimekuta mara nyingi kibanio kimeota ukungu wa kijani. Ukiuacha, betri mpya nayo itaonekana mbovu, hivyo pangusa kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, ndipo upachike mpya upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu.

Ikiwa baada ya hapo utaona maandishi mengine, NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, hilo ni suala la umri. Tarehe 30 Septemba 2021 uliisha muda wa cheti mzizi (cheti cha juu kinachovidhamini vingine) cha DST Root CA X3, ambacho vifaa vingi vya zamani vilikuwa vinakitegemea kuviamini vyeti vya Let's Encrypt, na kompyuta ambayo haikuwa imepokea mzizi mpya, ISRG Root X1, ilianza kuzikataa tovuti nyingi ambazo hazina kosa lolote. Firefox huja na orodha yake yenyewe ya vyeti mizizi, kwa hiyo hapo huwa ndiyo njia ya mkato.

Mtandao_Raskazone

Fundi amelimaliza la kompyuta ya mezani. Nitashika la ruta, kwa sababu jaribio la hotispoti limekwishaiondolea lawama kompyuta mpakato, kivinjari chake na hizo tovuti zenyewe. Kilichobaki ni ruta au njia inayopita baada yake. Haya unayoyaeleza, yaani tovuti chache kuning'inia, nyingine kwenda kasi, na upakiaji wa faili kugoma ilhali kujaza maneno kunakubali, ndiyo sura kamili ya tatizo la MTU, ambayo ni ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data inayoweza kupita kwenye njia bila kukatwa.

Kwa kawaida kompyuta hudhani kwamba njia inabeba baiti 1500. Miunganisho mingi haifiki hapo: ile ya PPPoE, kwa mfano, hubaki na 1492 kwa kuwa baiti 8 huliwa na kichwa chake (maelezo yanayotangulia data), na mitandao ya simu nayo hufungasha data yako ndani ya vichwa vyake yenyewe. Pakiti ikizidi, kifaa kilichoshindwa kuipitisha hutakiwa kurudisha ujumbe wa ICMP kumwambia mtumaji apunguze. Taabu huanza pale ambapo mtu njiani amezuia ICMP zote kwa kudhani anaimarisha ulinzi. Pakiti kubwa inatupwa, mtumaji haambiwi, anatuma tena ileile, inatupwa tena, mpaka muda unakwisha. Majina na namba za mteja ni pakiti ndogo, zinapita. Cheti kilichoskaniwa kinajaza pakiti hadi pomoni, kinakwama.

Na YouTube je? Chrome huzungumza na seva za Google kwa itifaki ya QUIC, iliyochapishwa kuwa kiwango rasmi mwezi Mei 2021, na QUIC huanza na pakiti za baiti 1200 na kitu, halafu haiongezi ukubwa bila kujihakikishia kwamba njia inabeba. Tovuti nyingi za kawaida bado ziko kwenye TCP, itifaki ya siku nyingi, na zinaamini kile zilichoambiwa na kompyuta yako mwanzo wa mazungumzo. Kwa hiyo kucheza kwa video si ushahidi kwamba mtandao ni mzima. Ni ushahidi kwamba pakiti za Google zinatosha kupita kwenye njia hiyo, jambo ambalo nadhani limewapotosha mafundi wengi.

Fanya hivi ukiwa umeunganishwa na ruta. Fungua dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta mpakato uandike:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Majibu yakirudi, njia inabeba 1500 na mimi nitakuwa nimekosea. Ukiambiwa kwamba pakiti inahitaji kugawanywa, au ikawa kimya tupu, punguza ile 1472 kumi kumi hadi majibu yaanze kurudi, kisha ujumlishe 28 kwenye namba iliyokubali, yaani baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP. Jumla hiyo ndiyo MTU ya kutumia. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, tafuta sehemu ya WAN (upande unaotoka kwenda intaneti), uiandike humo na uwashe ruta upya. Kama ruta yako haina sehemu hiyo, iweke kwenye kompyuta yenyewe kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi:

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1440 store=persistent

Hiyo 1440 ni mfano, weka namba yako, na jina lililo ndani ya alama za kunukuu lifanane na linaloonekana ukiandika netsh interface ipv4 show subinterfaces. Nitapenda ruta ikubali, kwa sababu hapo kompyuta zote mbili zitapona kwa mkupuo.

Mjukuu_wa_Pangani

Nimesoma na nimeelimika, hasa hilo la QUIC. Ila je, haiwezekani kuwa ni mkongo wa baharini tu? Mei 2024 EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, na huku kwetu kurasa nyingine zilikuwa zinafunguka na nyingine hapana.

Mtandao_Raskazone

Ni kweli, na sababu yake ni kwamba kampuni kubwa huweka nakala za maudhui yao karibu na watumiaji, wakati tovuti ndogo zinasubiri njia ya ng'ambo. Lakini hitilafu ya mkongo huwashika wote kwa siku kadhaa kisha hupita, na upakiaji wa faili hauchagui ukubwa namna ile. Huyu bwana simu yake inafungua kila kitu saa hiyohiyo, akiwa palepale dukani.

Steshenari_Ngamiani

Mungu awalipe kheri. Nimerudi na majibu. Kwenye ruta, 1472 ilikuwa kimya, hakuna kilichorudi hata kimoja. Majibu yalianza kuja kwenye 1412, hivyo nikaweka 1440 kwenye WAN. Tovuti za maombi zimefunguka papo hapo, na kuna binti wa Makorora aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi akisubiri vyeti vyake vipakiwe, akaondoka na risiti yake. Kwenye kompyuta ya mezani, saa na dakika zilikuwa sahihi kwa sababu kijana wetu huzirekebisha, lakini tarehe ilikuwa nyuma kwa wiki kadhaa, na kibanio cha betri kilikuwa na huo ukungu wa kijani sawasawa na alivyosema Fundi. Onyo la tarehe halipo tena.

Limebaki moja. Kwenye hiyohiyo ya mezani kuna tovuti ambayo inafunguka kichwa tu, chini ni peupe, vitufe havibonyezeki. Kwenye mpakato ni nzima. Je, hapo ndipo tunapokubali kwamba Windows 7 imefika mwisho wake, na kama ni hivyo skana nitaifanyaje?

Fundi_Chumbageni

Hapo ndipo, ndugu yangu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109 la Januari 2023. Tovuti iliyoundwa kwa kutumia mambo ambayo toleo hilo halikuwahi kuyajua itakuonyesha nusu ukurasa bila kukupa hitilafu yoyote. Firefox 115 ESR bado inasimama kwenye Windows 7 na imeendelea kupewa masahihisho ya usalama muda mrefu baada ya Chrome kuacha, kwa hiyo unaweza kuiweka kwa dharura, lakini nayo isikufanye uingize nywila za wateja kwenye kompyuta ile.

Skana iache ilipo, wala usipige Windows. Kompyuta ya mezani iwe ya kuskania tu. Tengeneza folda moja uishirikishe kwenye mtandao wa ndani, uifungue kutoka kwenye mpakato, na maombi yote yajazwe huko. Windows 7 na Windows 10 zinaelewana kwa SMB2, itifaki ya kushirikisha mafaili, hivyo asikwambie mtu uwashe SMB1, toleo lake la zamani lisilo salama. Halafu kwenye mipangilio ya IP ya kompyuta ya mezani andika anwani kwa mkono na uache sehemu ya lango (gateway) ikiwa tupu: itaonana na mpakato kupitia ruta lakini haitatoka nje kwenye intaneti. Flashi za wateja zichomekwe kwenye mpakato, ambako kizuia virusi bado kinasasishwa.