Xavier ni jina la mtu au la ukoo? Naombeni ushauri

BabaKijacho: Wakuu, habari za usiku. Mke wangu yuko mwezi wa nane, kipimo kinaonyesha wa kiume. Keshaamua ataitwa Xavier, la mtakatifu. Juzi mama mkwe kasikia, kaweka kikombe chini: "Hilo jina la ukoo wa Wahispania. Mjukuu wangu nimwite kwa ukoo wa watu?" Tangu hapo hakuna amani. Lina maana gani hasa?

MtuWaPwani: Mama hajakosea sana, ila lilianza kama jina la mahali. Ni ngome iliyoko Navarra, kaskazini mwa Hispania, na Mtakatifu Fransisko Xavier alizaliwa humo 1506. Ukoo wa baba yake ni Jasso, wa mama yake Azpilicueta. Yeye akajulikana kwa kwao, kama unavyosema "fulani wa Pangani". Na neno si Kihispania, ni Kibaski, lugha ya wenyeji wa huko: *etxe* ni nyumba, *berri* ni mpya. Akina Echeverría wametoka mzizi huohuo. Alitangazwa mtakatifu 1622, watu wakabatiza watoto Francisco Javier (ndiyo Xavier kwa Kihispania cha leo), mwishowe Javier likasimama peke yake. Huko leo ni jina la kawaida kama Juma kwetu.

Kibubu: Kwa hiyo dogo ni Nyumbampya 😂 Mkuu, ya kwako umemaliza?

BabaKijacho: Niko kwenye lenta, usinikumbushe.

Xavery_wa_tatu: Maana si tatizo, tatizo ni herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Xavery, cha kidato cha nne Xaveri, kitambulisho Saveri. Nimekula kiapo kwa wakili mara mbili, kila mara kwa hela yangu. Wahispania wenyewe walihamia J baada ya kurekebisha tahajia 1815, wanatamka kama "Havyer". Chagueni moja, mwandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, muende nayo hospitali siku ya kujifungua.

MtuWaPwani: Mwambie mama pia kwamba mwenye jina alipita kwetu. Mwaka 1542, akielekea Goa, India, meli yake ilitia nanga Malindi. Aliandika kwamba mkubwa mmoja Mwislamu alimlalamikia: mji una misikiti 17, inayoswaliwa ni 3 tu.

BabaKijacho: Asanteni wakuu. Nimemsomea yote. Kwenye nyumba mpya kacheka, jina kalikubali. Kisha kaniuliza hiyo ya kwangu itaezekwa lini.