Mada: Nampeleka mama kwenye magofu ya daraja la Shunji, Quanzhou

Kutoka: Mwanafunzi, Fuzhou

Wakubwa zangu wa jimbo hili la Fujian, China, shikamooni. Wenzangu, habari za masomo?

Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwanzoni mwa mwezi wa kumi, atakaa wiki tatu. Nilimsimulia kwa simu habari za Quanzhou, na sasa kashika hapohapo: anataka kuliona lile daraja la kale lililovunjika. Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Naomba aliyefika anieleze kama panafikika, na kama kweli kuna cha kuona. Na chakula je? Mama ni mtu wa swala tano.

---

Kutoka: Mtu wa Kilwa, Xiamen

Marahaba mdogo wangu. Panafikika, na ningekuwa wewe ningempeleka.

Analolisema ni daraja la Shunji, lililovuka mto Jin kusini mwa mji wa kale. Usilichanganye na daraja la Luoyang, hilo bado limesimama na watu wanalipita kila siku. Shunji lilijengwa mwaka 1211, enzi ya Song, zama ambazo mabaharia Waarabu waliuita mji huu Zaitun. Likadumu karibu miaka 800. Mwaka 2006 mafuriko yakalibomoa, na halikusimamishwa tena. Mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza maeneo 22 ya Quanzhou kwenye urithi wa dunia, na magofu haya yamo.

Wapo watakaokwambia pale hapana kitu, mawe tu majini. Nimekwenda mara mbili na nawapinga kabisa. Daraja zima unaona mgongo wake tu. Hili limekufa wazi, unaona mifupa. Nguzo zimejipanga mtoni, nyingine zimebaki kimo cha mtu, nyingine zimelala. Tazama nguzo moja kwa utulivu: mawe marefu yamelazwa safu moja, safu ya juu yake ikakatiza, hivyo hivyo mpaka juu. Upande unaopokea mkondo umechongoka kama omo, ile ncha ya mbele ya jahazi, ili maji yapasuke badala ya kugonga. Mama akitoka Tanga ataielewa omo kuliko wanafunzi wenzako wote. Utaona na mabaki ya zege: hayo ni ya karne ya 20, daraja lilipogeuzwa njia ya magari.

Mimi Kisiwani nimekulia nikiokota vigae vya sahani za Kichina mchangani, tunavichezea tu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika kwetu Kilwa mwaka 1331, na miaka ya 1340 akafika Zaitun. Siku ya kwanza nilipokaa ukingoni pale nilishindwa kuondoka mpaka magharibi.

Ukimaliza hapo, mwendo mfupi kuingia mjini kuna misingi ya lango la Deji, lango la kusini la mji wa kale, limefukuliwa na lipo wazi mbele ya hekalu la Tianhou. Mama anaweza kukaa hapo apumzike.

Sasa mambo ya safari, na haya uyasikie vizuri. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi ni sikukuu ya taifa, China nzima iko barabarani. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla, nunua siku hiyohiyo. Ikiwezekana msafiri baada ya tarehe 8. Kila mmoja awe na pasipoti yake mkononi, ile yenyewe, si nakala wala picha ya simu. Geti la mashine likiikataa, nendeni lile la pembeni lenye mhudumu. Msisubiri dakika za mwisho.

Hoteli ipigie simu kabla ya kulipa, uliza kama wanapokea wageni wenye pasipoti ya nje. Mimi na mke wangu tuliwahi kugeuzwa mapokezi saa tano usiku, mvua inanyesha, ilhali nilishalipa kwenye programu. Kwa mama mtu mzima hilo usilijaribu. Na akilala kwako Fuzhou nje ya hosteli, mpeleke kituo cha polisi aandikishwe ndani ya saa 24. Wengi wetu tunasahau hili, kisha linatusumbua wakati wa viza.

---

Kutoka: Mama Watoto, Jinjiang

Kaka wa Kilwa kamaliza karibu yote. Mwanangu, mimi naongeza tumbo na bahari.

Chakula cha Quanzhou ni kitamu lakini nguruwe yumo pasipoonekana. Chaza za kukaanga na mayai, ambazo kila mtu atawasifia, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tafuteni migahawa ya mie za kuvutwa kwa mkono yenye maandishi 清真, yaani halali, mlangoni. Mama atataka kuswali: mpeleke msikiti wa Qingjing, mtaa wa Tumen. Umejengwa mwaka 1009. Ukumbi wa kale hauna paa, mmebaki ukuta wa mawe na aya zilizochongwa kwa Kiarabu, na watu huswali kwenye jengo la pembeni. Mama yangu mzazi alipokuja kutoka Mombasa aliziwekea vidole zile herufi akazisoma moja moja. Sikumharakisha.

Mkibakiwa na siku, nendeni na daraja la Luoyang, la mwaka 1059. Angalieni majira ya maji kwanza, mfike yamekupwa. Waliolijenga walipanda chaza kwenye nguzo ili magamba yayagandishe mawe, na mpaka leo mtaziona zimeng'ang'ania. Boriti zake za mawe zililetwa juu ya vyombo bamvua likijaa, maji yakishuka boriti ikakaa mahali pake. Mimi ni mtoto wa pwani na sikuwahi kuwaza kwamba maji kujaa na kupwa yanaweza kufanya kazi ya winchi.

Mwavuli na viatu visivyoteleza, tafadhali. Mawe ya daraja yamelainika kwa nyayo.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Fuzhou

Ahsanteni sana, kaka na mama. Nimemsomea mama zote kwa simu, kasema chaza za kukaanga tumwachie mwenye nazo, lakini omo ya mawe lazima aione. Tutasafiri tarehe 10. La mwisho: nikifika stesheni nimwambieje dereva? Ramani ya simu ya mama haifanyi kazi huku.

---

Kutoka: Mtu wa Kilwa, Xiamen

Tumia ramani ya Gaode, na andika kwa Kichina. Stesheni iko mbali na mji wa kale, msijaribu kutembea. Dereva mwonyeshe hivi: 顺济桥遗址. Kuna daraja jipya la magari jirani yake lenye jina hilohilo, na mara nyingi ndiko wanakokupeleka. Usibishane naye. Shukeni hapo, mshike mama mkono mpite njia ya waenda kwa miguu. Nguzo za zamani mtaziona mtoni, chini yenu.