My Book Live ya zamani: OpenWrt, Debian, OpenMediaVault, au niiache ilivyo?

Mwanambuyu (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu kabla sijaharibu kitu.

Nina Western Digital My Book Live ya terabaiti 2, ile inayosimama wima kama kitabu. Ina diski moja ndani, tundu la kebo ya mtandao na tundu la umeme, basi. Hakuna USB. Niliinunua mtumba 2017 na tangu hapo ndiyo ghala langu. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, kwa hiyo mle ndani kuna sura za watu ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Mwezi uliopita mama mmoja alinipigia akiomba picha ya marehemu mumewe siku ya ndoa ya binti yao, hana nyingine. Nilimtumia ndani ya dakika tano. Ndiyo maana jambo hili siwezi kulichukulia kwa wepesi.

Sasa nimesoma yaliyotokea Juni 2021. Wenye vifaa hivi katika nchi mbalimbali walikuta mafolda matupu, kifaa kimerudishwa kama kilivyotoka kiwandani, na aliyefanya hivyo yuko mbali hata hajulikani. Western Digital wenyewe wakatangaza kichomolewe kwenye intaneti. Sasisho la mwisho la fimwea, ile programu inayoendesha kifaa kutoka ndani, lilikuwa la 2015. Changu kilipona, nadhani kwa sababu wakati ule nilikuwa na modemu ya laini ya simu tu. Wiki hii nimefungiwa faiba.

Njia nilizosikia ni nne: kukiacha kilivyo na kukizuia kwenye ruta, kuweka OpenWrt (mfumo huria wa ruta na vifaa vidogo), kuweka Debian (Linux ya kawaida), au kuitoa diski niiweke kwenye kompyuta yangu ya mezani ya zamani, RAM gigabaiti 4, kisha OpenMediaVault (mfumo wa ghala la faili). Picha hizi zingekuwa zenu mngefanya ipi?

fundi_nyaya (Mombasa)

Salama dada Mwanambuyu. Kabla ya njia yoyote kati ya hizo, azima au nunua diski ya nje ya USB, ichomeke kwenye laptopu, nakili kila kitu kupitia mtandao wakati kifaa bado kizima na fimwea yake ya zamani. Boksi usilifungue kwanza.

Nina sababu. Chipu ya kifaa hiki si ya jamii ya Intel, ni PowerPC, APM82181 ya megahezi 800. Sehemu ya data imeumbizwa kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux, yenye bloku za kilobaiti 64. Kompyuta zetu za kawaida hupanga kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 4, na Linux iliyomo kwa kawaida hukataa kufungua ext4 ya aina hiyo. Kuna ndugu aliniletea diski ameshaitoa mwenyewe, amekata tamaa kabisa, kila kompyuta inamwambia mfumo wa faili una kasoro. Diski ilikuwa nzima. Niliisoma kwa fuseext2, programu ambayo haitegemei keneli, kiini cha Linux, kufungua ext4. Ilichukua usiku kucha na asubuhi yake, lakini kila faili lilitoka. Wewe ukinakili mapema hutapita njia hiyo.

Sasa jibu lenyewe: OpenWrt. Watu huiogopa kwa sababu ya habari za ruta zilizokufa zikiflashiwa. Kwenye My Book Live hali ni tofauti, na hili ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu kifaa hiki: chipu ya ndani imebeba kianzishi tu, U-Boot, na mfumo wote unaobaki unakaa kwenye diski. Ukikosea unatoa diski, unaiandika upya kwenye laptopu, unairudisha. Huchomelei waya wowote kwenye bodi. Nimefanya vifaa vitatu, na kimoja umeme ulikatika katikati ya kuandika. Uliporudi nilianza upya, hakuna kilichoharibika.

Faili unalotaka liko kundi la apm821xx, tawi la sata, jina lake lina wd_mybooklive na mwishoni ext4-factory. Unalifumua, kisha unaliandika kwenye diski nzima kwa dd, amri ya Linux ya kunakili data moja kwa moja. Hakikisha jina la diski mara mbili kabla ya kubonyeza, maana dd haiulizi, na ukiielekeza kwenye diski ya laptopu itaifuta laptopu. Rudisha diski, chomeka, tafuta anwani yake kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta, ingia kwa kivinjari. Mwanzoni hakuna nenosiri, kwa hiyo weka hapo hapo. Halafu ongeza ksmbd-server (kushirikisha faili kwenye mtandao), block-mount (kufungua diski), hd-idle (kuzima diski ikikaa bila kazi) na smartmontools (kupima afya ya diski), tengeneza kigawanyo kipya, yaani sehemu ya diski, cha picha kwenye nafasi iliyobaki. Kigawanyo hicho kitakuwa na bloku za kilobaiti 4, kwa hiyo hata kifaa kikifa kesho, diski itasomeka kwenye Linux yoyote.

Jambo moja zaidi. Kabla ya kila sasisho endesha amri ya sfdisk -d na uhifadhi majibu yake mahali pengine. Ni orodha ya mwanzo na mwisho wa kila kigawanyo. Sasisho likivuruga jedwali la diski, orodha hiyo ndiyo itakayorudisha picha zako.

Ngurumo (Arusha)

Fundi namheshimu, na hilo la kunakili kwanza ni sahihi kabisa, ila kwa kazi ya dada huyu mimi ningekwenda OpenMediaVault bila kusita.

Kifaa chenyewe kina RAM megabaiti 256. Hakina feni, diski inapumulia matundu ya plastiki, na Tanga tunaijua joto lake. OpenWrt ni nzuri, lakini imezaliwa kuwa ruta, na kazi ya kuhifadhi faili imeongezwa juu. OpenMediaVault imejengwa juu ya Debian kwa kazi hii moja. Unafungua ukurasa wake unaona diski, watumiaji, mafolda, ratiba ya kupima afya ya diski, na ikianza kuugua inakutumia barua pepe. Kwa mtu ambaye si fundi, hiyo barua pepe ina thamani kuliko vyote. Gigabaiti 4 zinatosha vizuri. Mtu akikutajia TrueNAS, mfumo mwingine wa aina hiyo, mwambie hapana, hiyo inataka gigabaiti 8 kwa kuanzia.

Zaidi ya yote, kompyuta ya mezani inaingia diski mbili. Ya pili unaipa kazi ya kupokea nakala kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili yaliyobadilika tu.

bwana_keneli (Nairobi)

Naongelea Debian kwa kuwa mimi ndiye niliyeishi nayo kwenye kifaa hiki hiki kwa miaka miwili.

Fimwea ya kiwandani yenyewe ni Debian 5 iliyovalishwa nguo, kwa hiyo inavutia kudhani kwamba unaweka tu Debian mpya na kuendelea. Tatizo ni chipu. Debian iliacha kuihudumia powerpc rasmi baada ya toleo la 8. Toleo la 9 la 2017 lilitoka bila hiyo. Kilichobaki ni kazi ya wanaojitolea, na wanachotoa ni tawi linalobadilika kila siku, halina toleo thabiti. Nilifurahia sana kuwa na vifurushi vyote vya Debian kwenye kisanduku kidogo vile. Kisha jioni moja nilisasisha, nikawasha upya, hakikurudi. Kosa lilikuwa langu kwa kutosoma kilichokuwa kinabadilishwa, nikakirekebisha kwa kutoa diski. Kwa picha za wateja, usiende huko. OpenWrt inatoa matoleo thabiti yenye viraka vya usalama, na chipu hii bado imo.

Chausiku (Dodoma)

Samahani kwa kuingilia. Mimi ninayo D-Link DNS-320, nayo ni ghala la faili la mtandao. Haya yananihusu?

bwana_keneli (Nairobi)

Yanakuhusu sana. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba DNS-320L, DNS-325 na ndugu zake wana akaunti iliyofichwa ndani ya fimwea, jina messagebus, haina nenosiri. Waliogundua walihesabu vifaa zaidi ya 92,000 vikionekana kwenye intaneti, na D-Link wakajibu kwamba muda wa kuvihudumia umekwisha, hakuna kiraka. Yako iondoe kwenye intaneti leo.

Kwa ukoo huo kuna Alt-F, fimwea huria, na ina sifa nzuri: unaweza kuijaribu ikiwa kwenye diski bila kuandika chipu. Ila imekaa muda mrefu bila toleo jipya, kwa hiyo itumie ndani ya nyumba tu. Fungua uzi wako tuelezane vizuri, huu tumwachie mwenyewe.

Mwanambuyu (Tanga)

Asanteni sana, nimeanza kunakili tangu jana usiku. Maswali mawili. Kwanza, nikikizuia kwenye ruta kisitoke intaneti kabisa, bado kuna hatari gani na fimwea ya zamani? Pili, huku umeme unakatika mara kwa mara, ipi itavumilia?

fundi_nyaya (Mombasa)

La kwanza. Kuzuia kunapunguza hatari, na hata ukiweka OpenWrt fanya hivyo, pamoja na kuzima UPnP kwenye ruta, kwa sababu hiyo huruhusu vifaa vijifungulie milango bila wewe kujua. Lakini mlango wa nje si mlango pekee. Simu ya mgeni, laptopu ya mtoto yenye programu ya wizi, vyote vimo ndani ya mtandao wako. Waliochunguza yale ya 2021 walikuta kwamba sehemu ya kuhakiki nenosiri kabla ya kufuta kila kitu ilikuwa imeandikwa, kisha ikazimwa kwa kuwekewa alama ya maelezo, inayofanya kifaa kiiruke. Mistari michache tu. Yaani yeyote anayekifikia kifaa anaweza kukiamuru kijifute, na haulizwi chochote. Mimi siwezi kulala na kitu hicho nyumbani hata kama ruta imefungwa. Tena vifaa vya umri huu huongea SMB1, lugha ya zamani ya kushirikisha faili, ile ile iliyopitiwa na virusi vya WannaCry 2017, na Windows 10 tangu mwaka huo ilianza kuiondoa.

La pili ndilo linalonifanya nishikilie nilipo. My Book Live inakula volti 12. Ruta yako ya faiba nayo yaelekea ni volti 12. Kuna vile visanduku vya betri vya kulinda ruta vinavyotoa volti 12 moja kwa moja. Chukua chenye uwezo wa kutosha, soma ampea zilizoandikwa kwenye adapta ya kila kifaa uzijumlishe, na vyote viwili vitakaa hewani umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani itataka UPS kubwa yenye betri nzito, na betri hiyo utaibadilisha baada ya miaka michache.

Ngurumo (Arusha)

Hapo kwenye umeme umenishinda fundi, nakiri. Basi dada, weka OpenWrt kwa kazi ya kila siku, na kompyuta ya mezani iwashe Jumapili moja moja ipokee nakala kisha uizime. Ninalosisitiza ni kwamba nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine, si kwenye kigawanyo kingine cha diski ile ile.

Na kabla ya kuiandika upya diski, ipime kwa smartctl, amri ya smartmontools inayosoma afya ya diski. Diski nyingi za humo ni WD Green, na zina tabia ya kuegesha vichwa kila zikitulia sekunde 8.

Mwanambuyu (Tanga)

Narudi na ripoti, wiki mbili zimepita.

Kunakili kulichukua siku mbili. Nilifungua boksi kwa kadi ya simu iliyokwisha, nikisukuma polepole mpaka kifuniko kikaachia. Kabla ya dd nikafanya alivyosema Ngurumo. Load_Cycle_Count, idadi ya mara vichwa vilivyoegeshwa, ilikuwa zaidi ya laki nne, na diski hizi zimekadiriwa laki tatu. Hilo nililivumilia. Kilichonishtua ni Current_Pending_Sector: 16, yaani sehemu za diski ambazo inashindwa kuzisoma vizuri. Mme wangu aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nahesabu ni harusi ngapi zingepotea kama ningeendelea kubishana nafsini mwangu juu ya fimwea huku diski yenyewe inaoza.

Nikanunua diski mpya ya terabaiti 2, nikaiandika OpenWrt hiyo, nikaifunga ndani ya boksi lile lile. Ilikubali mara ya kwanza. Taa ilipowaka nilikuwa nimeshika simu kutaka kumpigia fundi, sikuhitaji. Nenosiri nimeweka, UPnP nimezima, betri ya volti 12 ipo chini ya meza na jana umeme umekatika saa mbili nzima kifaa hakikuzimika. Kasi kwenye laptopu imepungua kidogo kuliko zamani, lakini nafungua albamu ya picha 800 bila kungoja. Kompyuta ya mezani itawashwa kila Jumapili baada ya kanisa.

Swali dogo lililobaki: hd-idle imekuja na dakika 10. Niiache hapo?

fundi_nyaya (Mombasa)

Hongera sana dada. Kwa kazi yako ya kufungua picha na kuacha, weka 30. Ikizima na kuwaka mara nyingi ndani ya saa moja, mota inachoka bure. Na ile diski ya zamani usiitupe wala kuiuza kabla hujafungua albamu kadhaa kutoka kila mwaka kwenye mpya, mwanzo, katikati na mwisho, ukaona zinafunguka zote.

Mwanambuyu (Tanga)

Nimeweka 30. Albamu za 2017 mpaka 2019 nimeshazipitia, ziko salama. Usiku huu naanza 2020.